Naomba ushauri: kitani chenye chapa kwa ajili ya makochi
Wakuu, nataka kubadilisha vitambaa vya makochi, na nimekipenda mno kitani kilichochapwa michoro ya ikat, zile kingo za rangi zinazoonekana kama zimechuruzika. Kwenye ikat halisi nyuzi hufungwa na kutiwa rangi kabla ya kufumwa. Hiki rangi iko juu tu, ukikigeuza nyuma ni cheupe kabisa. Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo: sehemu za kuegemeza mikono si zitapauka mapema? Lebo inasema misuguano 20,000 kwa kipimo cha Martindale (kinachopima kitambaa kinavyostahimili kusuguliwa). Kwa nyumba yenye watoto inatosha kweli? Halafu, nikiloweke kwanza kabla fundi hajakata, kisije kikarudi kikifuliwa? Aliyewahi kukitumia anisaidie tafadhali.