MJADALA: Tukifagia mtaa bure kila wiki, mwenye kazi yake atafagia lini?

Mwanzisha mada, Kibokoni

Asalaam aleikum jamaa. Kuna jambo linanikera, nalileta hapa tulipigie gumzo bila kutukanana.

Tangu mfungo sita, mwezi wa maulidi, uishe, sisi watu kumi na wawili wa mtaa mmoja hapa Kibokoni, Mombasa, tunatoka kila Jumamosi baada ya alfajiri. Mafagio ya chelewa, mabeleshi mawili, mkokoteni wa kuazima. Wiki ya tatu tulijaza magunia arubaini na kitu: nepi, chupa, maganda ya mihogo, makumbi ya madafu. Tukayapanga kwenye pembe karibu na msikiti, maana tuliahidiwa lori. Aliyetuahidi simtaji. Jumapili kimya, Jumatatu kimya. Jumanne mbuzi wakayapasua magunia. Jumatano watu wa vichochoro vya pili wakaona kumbe hapa ndipo pa kutupia, wakaleta na zao. Kabla hatujaanza kujitolea pembe ile ilikuwa safi, wallahi. Sasa ni jaa, na waliolianzisha ni sisi.

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeipa kaunti kazi ya kuzoa taka na kusimamia majaa. Mwenye duka analipa leseni, mwenye kiwanja analipa kodi ya ardhi. Halafu mimi na fagio langu namsitiri mwenye wajibu asiaibike! Ninasema tusimame mwezi mzima, taka zikae zionekane.

Mama wa Majengo

Mwezi mzima? Wewe mwanangu huna mtoto anayetambaa.

Mvua za El Niño za Novemba 2023 maji yaliingia kwangu mpaka uvunguni mwa kitanda, nikakaa juu ya kitanda na wajukuu na gunia la mchele. Yalipokauka vijana walichokonoa mtaro kwa fito, ikatoka godoro nzima ya sponji, imejikunja imeziba kama kizibo cha chupa. Mtaro ule tulikuwa hatujaugusa mwaka mzima, kila mtu akingoja wahusika.

Na nikuulize, mkigoma nyinyi wanaume, nani ataamka kufagia mlangoni? Ni sisi, kama siku zote. Hapo hamuiti kujitolea.

Wa mkokoteni, Likoni

Naomba na sisi tusikizwe. Kikundi chetu cha vijana tunapita nyumba kwa nyumba, kila nyumba inatoa kitu kidogo kwa wiki, tunabeba taka. Chupa tunazitoa kando tunauza kwa kilo. Hiyo ndiyo unga. Sasa wanakuja watu na fulana mpya za rangi moja, glavu nyeupe, mpiga picha mbele, wanazoa bure siku moja. Wiki inayofuata nagonga mlango, mama ananiambia, "Si kuna wale wa bure?" Wale wa bure hawajarudi tena.

Mwaka 2020 serikali ilipoleta Kazi Mtaani, watu walilipwa kwa siku kufukua mitaro hii hii. Kwa hiyo inajulikana kuwa ni kazi. Mradi ulipokwisha, ikageuka tena kuwa "uzalendo".

Anayejitolea ni yule aliyeacha chai mezani kwake, sheikh. Mimi siwezi.

Wa Kisauni

Nyinyi wa kisiwani mkishasafisha mnapiga picha, lakini lori likija linavuka daraja la Nyali kuelekea jaa la Mwakirunge, upande wetu huku. Kibarani palikuwa jaa miaka na miaka, mgeni akiingia mjini kwa Makupa anaanza kuziba pua. Pakafungwa, pakapandwa majani na miti, pakapendeza. Taka hazikuyeyuka lakini. Basi mnapohesabu magunia, hesabuni na mahali yanapoishia.

Mzee wa Mikindani

Nawasoma tangu asubuhi. Huku kwetu kujitolea ni mikoko, na mimi nimeona ya aina mbili.

Waliwahi kuja wageni na mabasi. Wakachomeka mbegu za mkoko kwenye tope la mbele kabisa, panapopigwa na mawimbi, safu zimenyooka kama shamba la mahindi. Mvuvi yeyote angewaambia kuwa mikoko ina aina zake: pale ni pa mlilana, mkoko wenyewe unataka nyuma kidogo, na mchu huko juu maji yanakofika kwa nadra. Hawakuuliza. Baada ya kusi moja sikuona hata mche. Ile iliyopandwa na wenyeji wanaorudi kila bamvua, maji yanapojaa sana, kutazama, leo ndege wanalala humo.

Kinachoiua sasa ni nailoni. Inashuka na mitaro yenu, inajisokota kwenye mche mchanga, maji yakipanda yanauvuta mpaka unang'oka. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017, ila kuna vifungashio na chupa bado. Kijana wa Kibokoni, mwezi wako wa kugoma utatufikia sisi kabla haujamfikia mkubwa yeyote.

Mwanzisha mada, Kibokoni

Mama, nimekubali, mtaro nautoa kwenye mgomo. Huo tutaufukua.

Lakini magunia sirudi nyuma. Hatukusanyi tena hata gunia moja mpaka gari liwe limesimama pale na injini inawaka. Na ndugu wa mkokoteni, niandikie pembeni bei yenu ikoje. Nyumba kama ishirini za kwetu zinaweza kutoa, kuliko kuhangaika na kazi yenu na kuiharibu.

Kuna jingine, naona haya kulisema. Jumamosi kumi na moja tumefagia hatujakosa. Kikao cha maoni ya bajeti kilitangazwa, tukaambiwa na saa, na hakwenda hata mmoja wetu. Mimi nilikuwa baraza ya kahawa, natazama mpira.

Mama wa Majengo

Kikitangazwa tena niambie, nitakwenda. Nikishika kipaza sauti hawanitoi.

Wa mkokoteni, Likoni

Bei nimekuandikia. Ila feri ni mbali, nitakutafutia kikundi cha upande huo huo wenu.

Jirani wa mwanzisha mada

Kabla ya Jumamosi: beleshi moja liko kwangu, mpini umevunjika. La pili liko kwa nani?