Mionzi ya titi Ocean Road: kwenda na kurudi Bagamoyo, kulala kwa ndugu Kimara, au kupanga chumba Kigamboni?

Binti_Kaole
Assalamu alaykum wapendwa. Mama yangu ametolewa titi la kushoto, kemo amemaliza, sasa amepangiwa mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, mara 15, Jumatatu hadi Ijumaa. Tunakaa Magomeni hapa Bagamoyo, na nyumbani tumegawanyika. Kaka anataka mama aende na kurudi kila siku, alale kitandani kwake. Mama mdogo yuko Kimara, anasema mama ahamie kwake mpaka amalize. Shangazi anashauri tupange chumba Kigamboni, asubuhi avuke na pantoni. Waliopita njia hii naomba mnieleze ipi inahimilika. Na aandae nini kabla? Mkono wa kushoto bado haupandi vizuri.

MamaZulfa_Dunda
Wa alaykum salaam mwanangu. Mfikishie mama pole zangu.

Mimi nilikuwa naenda na kurudi. Wiki ya kwanza nilijiona mzima: unalala mezani, wanakupanga, wanatoka chumbani, mashine inalia kidogo, huhisi maumivu wala joto. Narudi nyumbani napika. Ilipofika wiki ya tatu mwili ukanikatalia. Uchovu wa mionzi hauishi kwa kulala usiku mmoja, unajikusanya. Hapo ongeza daladala ya Makumbusho, kisha ya pili mpaka mjini, jua la mchana, na kwapa linachomeka kila ukishika bomba. Siku za mwisho mtoto wa dada yangu ndiye alinipeleka kwa gari.

Kwa hiyo kama kaka yako ana gari na nafasi ya kumpeleka na kumrudisha siku zote 15, kwenda na kurudi kunawezekana, ni kama kilomita 70 tu kwa upande mmoja. Kama ni daladala, mimi sikubaliani naye.

Mjukuu_wa_Pongwe
Sisi wa Tanga hatuna hata la kubishania. Kwetu mpaka Dar ni kilomita kama 350 kupitia Segera na Chalinze, lazima ulale huko. Mke wangu alikaa kwa wifi yake, yaani dada yangu, Mbagala.

Nikueleze jambo moja kuhusu kukaa kwa ndugu. Mgonjwa wa mionzi anatembea, anaongea, anakula, basi watu wanasahau kwamba anaumwa. Na yeye mwenyewe anaona haya kukaa bure nyumbani kwa mtu. Mke wangu alikuwa anatoka hospitali anaingia jikoni, jioni anachota maji kwa mkono uleule uliopasuliwa. Ilibidi nimpigie dada simu tukaongea kwa uwazi, akaelewa vizuri sana. Kwa hiyo zungumza na mama mdogo kabla mama hajafika: ndoo hapana, kufua hapana, na apate mahali pa kujilaza mchana bila wageni kupita.

Kimara ina faida ya mwendokasi, yale mabasi yenye njia yao, unashuka mwisho Kivukoni, kipande kilichobaki mchukulieni bajaji. Ila asubuhi mabasi yanajaa kupita kiasi. Ombeni kama inawezekana apangiwe saa za katikati ya asubuhi, msongamano ukishapungua.

Chumbageni_Online
Mbona 15? Dada yangu alipigwa 25. Ulizeni vizuri, asije akapunjwa dozi.

Fundi_wa_Mashine
Hapunjwi, ndugu yangu. Nafanya kazi kwenye idara ya mionzi, niruhusu nieleze.

Ratiba ya zamani ni mara 25 kwa wiki 5, jumla ya grei 50 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi). Uingereza waliilinganisha na grei 40 kwa mara 15, wiki 3, na matokeo ya miaka 10 yalitolewa 2013: saratani ilizuiwa sawasawa, na madhara kwenye ngozi na nyama ya titi yalikuwa machache kwa waliopata 15. Kila dozi moja ni kubwa kidogo, ndiyo maana idadi inapungua. Mwaka 2020 yakatoka matokeo ya miaka 5 ya ratiba ya mara 5 ndani ya wiki moja, nayo haikuwa duni kuliko ya 15. Daktari anachagua kwa kuangalia upasuaji uliofanyika, tezi za kwapani, na mambo mengine. Wengine, hasa waliobakizwa titi, huongezewa dozi chache mahali uvimbe ulipokuwa. Kwa mtu wa Bagamoyo, 15 badala ya 25 ni safari kumi zimepungua, na hilo si dogo.

Huwa wanauliza pia kuhusu mashine. Ya kobalti ina chanzo cha mionzi ambacho nguvu yake hupungua nusu kila baada ya miaka 5 na kidogo, kwa hiyo chanzo kikizeeka mgonjwa hulala mezani muda mrefu zaidi ili apate dozi ileile. Mashine ya umeme, linaki, haina chanzo hicho, na inalenga kwa usahihi zaidi. Kwa titi la kushoto, moyo uko karibu, hivyo mpango wa tiba hutengenezwa kwa kuuepusha. Muulizeni daktari moyo umekingwaje. Ni swali la haki kabisa, wala hatachukia.

Na hili la mkono litatueni sasa. Ataingia kipimo cha CT, yaani picha za ndani ya mwili za kupanga tiba, akiwa ameinua mkono juu ya kichwa, na mkao huohuo utarudiwa kila siku. Mkono usipopanda, mpango hautengenezeki.

Nesi_Makorora
Nakazia la mkono. Asimame ukutani, vidole vipande taratibu kama anaukwea ukuta, mara kadhaa kwa siku, avute mpaka panapokaza, asifike penye maumivu makali. Ukiona mkono unavimba au unakuwa mzito, mpelekeni hospitali mapema.

Ngozi: aoge maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, ajikaushe kwa kugusagusa. Dodoki lipumzike. Najua sisi wa pwani, titi na kwapa ndipo tunapopaka liwa, dalia na manukato; wiki hizi asipake wala asijifukize udi kifuani. Losheni atumie ile atakayoambiwa na idara, na asiingie mashineni akiwa ameipaka nzito. Alama watakazomchora zisifutike. Dera pana la pamba, sidiria ya waya aiweke kabatini. Kwa ngozi zetu msitafute wekundu, mtaona eneo linakuwa jeusi zaidi, linakauka na kuwasha. Likichubuka au likitoa maji, msibandike dawa ya jirani, waonyesheni haohao wa mionzi siku hiyohiyo.

Zaidi ya yote, siku zisirukwe. Kila dozi huumiza chembe za saratani na za kawaida, za kawaida hujitengeneza zaidi kabla ya dozi inayofuata. Ukiacha siku hovyo, saratani nayo inapata nafasi ya kukua. Hili ndilo lingenifanya nichague Kimara. Kigamboni pantoni ikikwama asubuhi, umekwama nayo, na mama atakuwa peke yake chumbani wiki za uchovu.

Binti_Kaole
Allah awalipe. Nimewasomea wote hapa, kaka amekubali Kimara, yeye atampeleka Jumatatu na kumrudisha Bagamoyo Ijumaa kwa gari. Shangazi ana swali: ni kweli asibebe mjukuu kwa sababu mwili una mionzi? Na nywele, ambazo ndiyo kwanza zinaota baada ya kemo, zitatoka tena?

Fundi_wa_Mashine
Hapana kwa yote mawili. Mionzi hii inatoka nje, mashine ikizimwa haibaki mwilini, mjukuu alale naye, ale naye. Nywele za kichwani hazihusiki, za kwapani ndizo zinaweza kutoka.

MamaZulfa_Dunda
Ila asimbebe kwa mkono wa kushoto, na huyo mjukuu asimparamie kifuani!

Nesi_Makorora
Nauli na malipo yakibana, nendeni ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini siku ya kwanza, msisubiri katikati ya tiba. Kama ana bima, kadi na barua ya rufaa viwe kwenye mkoba mmoja. Vidonge au dawa za miti anazotumia, hata vitamini, amtajie daktari.

Halafu wiki moja mpaka mbili baada ya dozi ya mwisho ngozi huwa mbaya kuliko ilivyokuwa wakati wa tiba, kisha hupoa yenyewe. Ndugu wa Bagamoyo watakuja kumpongeza wakute kifua kimebabuka. Waambie mapema wasitishike, na shughuli kubwa nyumbani ziahirisheni mpaka hapo.