Albumini ya mama ni 28 na kula hataki

BintiUmoja: Wadau, nisaidieni. Mama ana miaka 61, anasafishwa damu Jumanne na Ijumaa, mwaka wa pili sasa. Figo zilipoanza kusumbua tuliambiwa tumpunguzie nyama, mayai na maharagwe, nami nimeshika hivyo hivyo. Mizani inasoma kilo 55 kama zamani, lakini nikimvalisha sweta naona mifupa ya mabega. Leo wananiambia albumini, ile protini ya kwenye damu, imeshuka, ale protini. Nishike lipi?

NesiMstaafu: Pole sana, binti yangu. Hukukosea. Kabla ya mashine, protini hupunguzwa ili figo zisielemewe. Akishaanza mashine hesabu inageuka, maana kila safari ya kusafishwa hupoteza gramu kadhaa za amino asidi. Sasa anahitaji kama gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo kwa siku; kwa mama ni 55 hadi 66, na yai zima lina 6 tu. Mizani isikudanganye: nyama ya mwili ikiisha, maji hujaza nafasi yake. Waombe wampime upya uzito mkavu, yaani uzito wake maji ya ziada yakishatolewa.

Lakini chakula peke yake huenda kisitoshe. Mwili ukiwa na uvimbe wa ndani (inflammation), yaani unapopambana na kitu kama maambukizi, ini hupunguza kutengeneza albumini na hamu ya kula hupotea. Wagonjwa wenye lishe duni na uvimbe huo pamoja ndio tunaowapoteza mapema, kwa hiyo usingoje. Kwenye mashine anatumia fistula (mishipa iliyounganishwa mkononi) au mpira wa shingoni? Meno je?

BintiUmoja: Mpira. Na kuna jino limeoza, anatafuna upande mmoja.

BabaK_Kariobangi: Dada, mke wangu alikuwa akitetemeka kila akiwekwa kwenye mashine, tukidhani ni baridi ya chumba. Kumbe mpira una maambukizi. Alipotibiwa, aliomba ugali mwenyewe, na sikuwa nimebadilisha chochote jikoni! Siku hizi nampa ute wa mayai, kuku, au tilapia. Omena niliacha, mifupa yake ina fosforasi nyingi, madini yanayorundikana figo zikishindwa. Sukuma naikatakata, naichemsha kwa maji mengi na kuyamwaga ili kupunguza potasiamu, ndipo nakaanga.

NesiMstaafu: Jino lishughulikiwe Jumatano, si siku ya mashine, kwa sababu ya ile dawa ya kuzuia damu kuganda anayopewa kwenye mashine. Mwambie daktari wa meno kwamba anasafishwa damu. Na waulize kuhusu CRP, kipimo cha damu kinachoonyesha ule uvimbe wa ndani.

BintiUmoja: Jumatano saa tatu asubuhi, nimeshapanga. Jioni hii amekula ute wa mayai mawili, taratibu, kwa upande ule mzima.