Ushauri wa kifaa cha kunolea kisu kwa anayeanza

Rukia: Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za jioni. Kisu changu cha jikoni siku hizi kinaponda nyanya badala ya kuikata. Leo dukani nimeonyeshwa vifaa vitatu: kile kidogo chenye mpasuo ambamo kisu huburutwa, fimbo ya chuma yenye mpini, na jiwe lenye pande mbili. Muuzaji amenihimiza nichukue cha mpasuo kwa kuwa hakihitaji ujuzi. Naomba ushauri kabla sijatoa pesa, kwa sababu sijawahi kunoa kisu.

Mama Mkubwa Mwanaidi: Marahaba, mwanangu. Huyo muuzaji hajakudanganya. Mimi ninacho hicho cha mpasuo, nakipitishia kisu mara chache na kazi inaendelea. Mwenye kisu kimoja cha bei nafuu ana haja gani ya kuinamia jiwe?

Mjomba Salehe: Shikamoo, dada. Sipingi kwamba kinakata, lakini ndani ya ule mpasuo mara nyingi kuna vipande viwili vya chuma kigumu sana vilivyopishana, navyo hukwangua makali kwa nguvu na kuyaacha na vijino vidogo. Ndiyo maana kisu hukata vizuri kwa siku chache kisha kikarudia ubutu, ukakiburuta tena, na bapa likazidi kuliwa. Pembe nayo imekwisha kupangwa kiwandani, hivyo kisu chembamba cha Kijapani, ambacho kwa kawaida hunolewa kwa nyuzi 15 hivi kila upande, kinalazimishwa pembe isiyo yake.

Rukia: Na ile fimbo, mjomba? Nimewaona wauza nyama buchani wakipitishia visu vyao kila mara, nikadhani ndiyo hasa ya kunolea.

Mjomba Salehe: Ile ya chuma kazi yake kubwa ni kunyoosha. Ukikata, makali hupinda upande kidogo sana hata jicho lisione, na fimbo huyarudisha wima. Mchinjaji anaitumia mchana kutwa kwa sababu kisu chake kimekwisha kunolewa. Chako kimeshakuwa butu kabisa, kwa hiyo hakuna cha kunyoosha. Ushauri wangu ni jiwe, yaani kinoo. Namba zake husomwa kama za msasa: ndogo ina chembe kubwa zinazokula chuma haraka, na kubwa hulainisha. Tafuta lenye upande wa 400 na upande wa 1000, usihangaike na la 6000 kwa sasa. Nyama, vitunguu na samaki havihitaji makali ya kinyozi.

Hamisi: Samahani kuingilia, mjomba. Kwa nini asimpe yule fundi anayepita mtaani na baiskeli?

Mjomba Salehe: Fundi makini anafaa, hasa kwa panga na jembe. Ila jiwe lake linazunguka kwa kasi, na makali membamba yakipata joto hadi rangi igeuke samawati, chuma hulegea pale pale na hakikai na makali tena. Mwangalie kama anachovya kisu kwenye maji mara kwa mara.

Mama Mkubwa Mwanaidi: Zamani tulinoa kwenye kile kiduara kikavu chini ya sahani ya udongo, na watu walikula kachumbari.

Mjomba Salehe: Na bado kinafaa, dada, kwa dharura. Ni kigumu kuliko chuma cha kisu.

Rukia: Sasa hofu yangu ni hiyo pembe. Nitajuaje kwamba nimeinamisha kisu inavyopasa?

Mjomba Salehe: Pima upana wa bapa, kisha uinue mgongo wa kisu kutoka kwenye jiwe kwa theluthi ya upana huo. Bapa la sentimita 4.5 linainuliwa sentimita 1.5, nawe utakuwa karibu na nyuzi 20, ambazo zinatosha kwa visu vyetu vya kawaida. Kabla ya kuanza, paka wino wa kalamu nene ukingoni, upitishe kisu mara mbili tatu, halafu utazame. Wino ukifutika juu tu na kubaki kwenye makali yenyewe, umelaza mno; ukifutika kwenye ncha kabisa ya makali na kubaki juu, umeinua mno. Noa upande mmoja mpaka kidole gumba, kikivutwa kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali, kamwe si kufuata urefu wake, kihisi kiuzi cha chuma kilichojikunja upande wa pili, kuanzia shinani hadi nchani. Hapo geuza. Wengi wanaoanza hugeuza kabla kiuzi hakijatokea, kisha wanalilaumu jiwe.

Rukia: Nimeelewa, nitachukua jiwe la 400 na 1000. Nalo natumia maji au mafuta?

Mjomba Salehe: Soma karatasi yake. La maji hulowekwa mpaka viputo viishe, na usilitie mafuta, maana yataziba vitundu vyake. Weka kitambaa kibichi chini lisiteleze. Na acha kukatia juu ya sahani au kaunta ya marumaru, tumia ubao.

Hamisi: Na kisu cha mkate chenye meno?

Mjomba Salehe: Hicho kisiguse hilo jiwe. Meno yake hunolewa moja moja kwa kifimbo chembamba.

Mama Mkubwa Mwanaidi: Basi Rukia, ukishalinunua, lete na visu vyangu ujifunzie.