Perelman hakuwa mwendawazimu: acheni kuificha sababu aliyoitoa mwenyewe

Ndugu wanajukwaa, nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sioni haja ya kuificha. Kwa muda mrefu sasa kurasa za hamasa, zikiwemo zenye wafuasi wengi kuliko magazeti yetu, zimekuwa zikizungusha habari ya mwanahisabati Mrusi Grigori Perelman kwa maneno yaleyale: mtu wa ndevu na kucha ndefu, anayeishi na mama yake, aliyepewa dola milioni moja kwa kutatua swali maarufu la hisabati akazikataa. Juu huwekwa picha aliyopigwa ndani ya treni ya chini ya ardhi bila kuulizwa, kisha waandishi hugawanyika makundi mawili. La kwanza humcheka kwamba akili nyingi zimemharibu. La pili humfanya walii aliyeipa dunia kisogo, na kumbandikia ile kauli kwamba anayejua kuuendesha ulimwengu hana haja ya kukimbilia milioni, kauli iliyotoka katika mahojiano ya gazeti ambayo ukweli wake umetiliwa shaka tangu yalipotoka. Makundi yote mawili yananiudhi sawasawa, kwa kuwa yote yanaficha jambo ambalo Perelman alilieleza waziwazi Julai 2010: kwamba hakubaliani na maamuzi ya wakubwa wa hisabati duniani, kwamba anayaona si ya haki, na kwamba mchango wa Mmarekani Richard Hamilton katika kulitatua swali lile haukuwa mdogo kuliko wake.

Litafuteni jina la Hamilton katika mabandiko hayo. Hamtalipata.

Kwa wasioijua kazi yenyewe nitaieleza kwa ufupi, maana bila kuielewa malalamiko yangu yataonekana ya mtu anayetafuta ugomvi. Mwaka 1904 Mfaransa Henri Poincaré aliuliza swali kuhusu maumbo. Ukilizungushia chungwa uzi, unaweza kuutelezesha uzi huo juu ya ganda na kuukaza mpaka ukawa kinundu kimoja. Lakini ukiupitisha katika tundu la bangili na kufunga ncha zake, hautoki mpaka ukate kimojawapo. Poincaré alitaka kujua iwapo umbo la vipimo vitatu lisilo na ukingo, ambalo kila kitanzi ndani yake kinaweza kukazwa hivyo hadi kuwa nukta, ni lazima liwe aina ya tufe. Stephen Smale alilijibu swali la namna hiyo kwa vipimo vitano na zaidi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Michael Freedman akalijibu kwa vipimo vinne mwaka 1982. Vipimo vitatu, ambavyo ndivyo Poincaré alivyouliza, vilibaki.

Mwaka huohuo wa 1982 Hamilton alichapisha makala iliyoanzisha kile kinachoitwa mtiririko wa Ricci, kwa jina la Mwitaliano Gregorio Ricci-Curbastro. Ni mlinganyo unaolifanya umbo libadilike kidogo kidogo kulingana na mpindo wake, kwa hesabu za ukoo mmoja na zile zinazoeleza jinsi joto linavyosambaa, ili mpindo ulingane na umbo lijifichue lenyewe kuwa ni nini. Tatizo ni kwamba baadhi ya sehemu hubanwa na kuwa nyembamba mno hata mlinganyo ukakwama. Hamilton ndiye aliyependekeza kufanya upasuaji hapo: kukata penye shingo iliyobanwa, kuziba pande zote mbili, kisha kuuacha mtiririko uendelee. Alikaa na mpango huo karibu miaka ishirini, akithibitisha kipande baada ya kipande, mpaka akakwama mbele ya umbo moja ambalo wenyewe waliliita sigara, kwa sababu hakuweza kuonyesha kwamba haliwezi kujitokeza. Hiyo ndiyo njia aliyoikuta Perelman. Hakuizua usingizini.

Wala hakuwa mtoto aliyeokotwa msituni. Alizaliwa Leningrad mwaka 1966. Mama yake alikuwa mwalimu wa hisabati, na mwenyewe alilelewa katika klabu ya hisabati ya mwalimu Sergei Rukshin, kisha akaenda shule maalumu namba 239 ya mji huo. Mwaka 1982 aliiwakilisha nchi yake katika mashindano ya kimataifa ya wanafunzi mjini Budapest na kupata alama 42 kati ya 42. Kati ya mwaka 1992 na 1995 alifanya kazi Marekani, ambako alihudhuria mihadhara ya Hamilton na kumuuliza maswali, na baadaye alisimulia kwamba Hamilton alikuwa mkarimu kiasi cha kumweleza hata mambo ambayo alikuwa bado hajayachapisha. Aliporudi St. Petersburg, huku vyuo vikubwa vya Marekani vikimhitaji, alimwandikia Hamilton barua mwaka 1996 akimweleza wazo alilokuwa nalo kwa matumaini kwamba wangeshirikiana. Hakujibiwa. Haya aliyasema mwenyewe kwa waandishi wa jarida la The New Yorker mwaka 2006, na yanafaa kukumbukwa kila mara mnapomwita mtu asiyetaka kuonana na watu, kwa sababu aliyebisha hodi ni yeye.

Novemba 2002 aliweka kwenye intaneti makala ya kurasa 39 iliyokivuka kikwazo kile cha sigara, akafuatisha nyingine mbili Machi na Julai 2003, na hakuzipeleka kwenye jarida lolote. Ningependa kila mhamasishaji anayemtumia Perelman kama mfano wa mtu asiyejua thamani ya pesa aisome tanbihi iliyo mwanzoni mwa makala ile ya kwanza. Humo anaeleza kwamba sehemu ya gharama za utafiti huo ilitokana na akiba yake binafsi, aliyoiweka alipokuwa New York, Stony Brook na Berkeley, na anawashukuru wote waliomwezesha kupata nafasi hizo. Mtu huyu alipokea mshahara, akautunza, akautumia miaka kadhaa baadaye kumalizia kazi ngumu kuliko zote katika taaluma yake, kisha akaandika ahsante. Kama huko ni kutojua pesa, basi wengi wetu tunaosubiri mwisho wa mwezi hatuna la kumfundisha.

Aprili 2003 alisafiri kwenda Marekani, akatoa mihadhara katika vyuo kadhaa na kujibu maswali ya kila aliyekuja nayo. Baada ya hapo ikaanza kazi ambayo kurasa zenu hazijawahi kuigusa, nayo ni kazi ya kuhakiki. Makala zake zilikuwa fupi, zenye hatua nyingi zilizorukwa kwa kudhani kwamba msomaji ataziona mwenyewe, kwa hiyo Bruce Kleiner na John Lott kwa upande mmoja, na John Morgan na Gang Tian kwa upande mwingine, walitumia takriban miaka mitatu kuzijaza nafasi hizo mstari kwa mstari. Maelezo ya Morgan na Tian peke yake yalizidi kurasa 400. Fikirieni maana ya kutumia miaka mitatu ya ujuzi wako kuthibitisha kwamba mwenzako yuko sahihi, ukijua tangu mwanzo kwamba tuzo haitakuwa yako. Mimi nawaona hao kuwa sehemu ya habari kwa kiwango kilekile na zile ndevu, lakini nani atabonyeza kusoma habari ya mhakiki?

Kulikuwa na sura nyingine isiyopendeza. Katikati ya mwaka 2006 Huai-Dong Cao na Xi-Ping Zhu walichapisha makala ya kurasa zaidi ya 300, ambayo kichwa chake kilidai kutoa uthibitisho kamili wa swali la Poincaré. Baadaye ilibainika kwamba hoja mojawapo ilikuwa ya Kleiner na Lott bila wao kutajwa. Waandishi wakaomba radhi, na Desemba mwaka huohuo wakatoa toleo lililosahihishwa ambalo kichwa chake kiliuita uthibitisho wa Hamilton na Perelman. Katikati ya mvutano huo ndipo Perelman aliposema, katika yale mahojiano ya 2006, kwamba wanaoonekana kuwa watu wa ajabu si wale wanaovunja maadili ya taaluma, bali ni watu kama yeye ndio wanaotengwa. Someni tena kauli hiyo, kisha mrudi kwenye mabandiko yenu mkaone mnachokifanya.

Agosti 2006, mjini Madrid, alitangazwa kuwa mshindi wa Medali ya Fields, mojawapo ya heshima kubwa kabisa katika hisabati, na akawa mtu wa kwanza kuikataa. Rais wa umoja wa kimataifa wa hisabati, John Ball, alikuwa amesafiri hadi St. Petersburg miezi miwili kabla na kuzungumza naye kwa siku mbili bila mafanikio. Kwa medali hiyo sababu yake ilikuwa fupi: ikiwa uthibitisho ni sahihi, hakuna kutambuliwa kwingine kunakohitajika. Nakiri kwamba hapo anayetaka kumwona mkaidi ana pa kushika. Lakini medali hiyo haitolewi kwa waliopita umri wa miaka 40, na Hamilton alizaliwa mwaka 1943, kwa hiyo hapo hakukuwa na namna ya kumjumuisha.

Dola milioni moja ni jambo jingine, na hapo ndipo upotoshaji unapovuka mpaka. Taasisi ya Clay, ya Marekani, inayofadhili hisabati, ilikuwa imetangaza mwaka 2000 maswali saba, kila moja kwa dola milioni moja, na kanuni zake za wakati huo ziliruhusu kumjumuisha katika tuzo mtu ambaye kazi yake ya awali ndiyo iliyouwezesha ufumbuzi. Ziliruhusu, hazikulazimisha. Machi 2010 tuzo ilitangazwa kwa Perelman peke yake, na Julai akaikataa kwa sababu niliyoitaja mwanzoni. Fedha hizo hazikupotea; taasisi ilizitumia kuanzisha nafasi ya watafiti vijana katika Taasisi ya Henri Poincaré mjini Paris. Kwa maneno mengine, kulikuwa na kanuni, kulikuwa na uamuzi, na kulikuwa na mtu aliyeupinga uamuzi huo kwa gharama ya mfuko wake mwenyewe. Ninyi mmeyaondoa yote hayo mkabakiza kucha.

Mimi ni mwalimu wa hisabati wa sekondari, na hii si hasira ya mtandaoni tu. Katika mahafali ya shule moja niliyoalikwa, mgeni rasmi alisimama na simulizi hii akiwa ameitoa neno kwa neno kwenye ukurasa mmojawapo, akaipiga hesabu ile milioni kwa shilingi, ukumbi ukaangua kicheko, na akamalizia kwa kuwaonya watoto wasizame sana kwenye somo moja wasije wakawa hivyo. Walimu wenzangu walipiga makofi. Jioni niliandika maoni chini ya bandiko lenyewe, kwa lugha ya heshima, nikieleza habari ya Hamilton na maneno ya Perelman. Maoni hayo yakafutwa, huku yale ya kumwita mtu yule chizi yakiachwa.

Najua atakuja wa kuniambia kwamba Hamilton hakudhulumiwa, kwa kuwa mwaka 2011 alipewa Tuzo ya Shaw, tuzo ya kimataifa ya sayansi na hisabati, pamoja na Demetrios Christodoulou. Ni kweli, na alistahili. Lakini sidai kwamba Hamilton alikufa bila heshima miongoni mwa wenzake. Ninalalamika kwamba aliyezikataa fedha kwa ajili ya jina lake anasimuliwa kila wiki bila jina hilo. Hamilton alipofariki Septemba 2024, sikuona hata ukurasa mmoja kati ya hizo ukiandika sentensi moja juu yake, ingawa wiki hiyohiyo ile picha ya treni ilirudi tena kwenye simu yangu.

Kwa hiyo wenye kurasa hizo, ambao najua baadhi yenu mko humu kwa majina mengine, sitaki mfute mabandiko yenu. Yaharirini. Ongezeni mstari mmoja unaosema alikataa kwa sababu gani na alimtaja nani, na iondoeni picha ya mtu ambaye hakuombwa ruhusa. Atakayeona kwamba ninadai makubwa aje hapa chini aeleze ni kwa nini mstari huo haukuwepo tangu mwanzo.