Naomba ushauri: oringi za nozeli za IST, niko Tanga

Wakuu, habari za leo. Nina Toyota IST, injini 1NZ-FE. Nimenunua nozeli nne mpya (zile za kupulizia petroli kwenye injini) ila zimekuja tupu, hazina oringi za juu, yaani raba za duara za kuzuia kuvuja, wala zile raba nene za chini. Fundi wangu hapa Ngamiani anashauri turudishie za zamani. Nimezikagua: zimekakamaa, ukizikunja kidogo tu nyufa zinaonekana. Petroli yenye presha ikivuja juu ya injini ya moto, gari linaweza kuungua na watu ndani, kwa hiyo hilo sikubali. Duka moja wamenipa oringi za bomba la maji; raba ile huvimba ikikutana na petroli. Natafuta za Viton, raba inayostahimili petroli, seti kamili. Tanga zinapatikana duka gani, au niagize Kariakoo? Na wakati wa kuzifunga mnapaka oili gani zisichanike?