Mjadala: Pete za miti zipewe kauli kwenye mgao wa maji ya mto Colorado?

Mleta mada: Wadau, tujadili bila jazba. Mwaka 1922 majimbo 7 ya Marekani yaligawana mto Colorado: mita za ujazo bilioni 9.25 kwa mwaka kwa majimbo ya upande wa juu wa mto, na kiasi hicho hicho kwa ya upande wa chini. Mwaka 1944 Meksiko ikaahidiwa kama bilioni 1.85. Jumla inapita bilioni 20.

Maji hayo hayapo. Vipimo walivyotumia vilikuwa vya miaka michache ya mwanzo wa karne ya 20, na ilikuwa miaka ya neema. Walioliweka wazi hilo ni wasoma miti. Misonobari ya nchi kame huweka pete pana mwaka wa mvua, nyembamba mwaka wa ukame. Mtafiti anatoboa shina kwa keekee yenye mrija, anachomoa kijiti chembamba kama penseli, mti unabaki hai. Kisha anakilinganisha na vijiti vya miti mingine mingi, kwa sababu mwaka mkavu kupita kiasi mti unaweza usiweke pete kabisa. Ukitegemea mti mmoja, hesabu inapotea.

Mwaka 1976 watafiti wa pete, Stockton na Jacoby, walipata kuwa mto hupitisha wastani wa kama bilioni 16.6 tu kwa mwaka. Pete zinaonyesha pia ukame wa katikati ya karne ya 12 uliodumu zaidi ya miongo miwili. Kanuni za 2007 za kugawana uhaba wa maji ya mto huo ziliwekewa ukomo wa 2026. Msimamo wangu: mgao mpya uanzie kwenye pete.

Mpimaji: Mkuu, nakupinga. Mti si mita ya maji. Utafiti wa 2006, wenye miti mingi zaidi, ulitoa bilioni 17 hadi 18 na ushei. Tofauti ya bilioni nzima na zaidi! Nani mwenye mashamba bonde la Imperial, California, yanayonyweshwa na mto huu, atakubali kufunga mfereji kwa namba inayohamahama? Isitoshe, sasa hivi joto lenyewe linakausha mto. Miti ya karne ya 12 haikukutana na joto hili.

Mleta mada: Chukua hiyo ya juu kabisa, 18. Bado iko chini ya 20. Na joto linazidi kupunguza, haliongezi.

Seremala: Nyote mnazunguka. E. C. LaRue, mtaalamu wa maji wa idara ya jiolojia ya Marekani, alionya miaka hiyo hiyo ya 1920 kwamba mto hautoshi. Wakamsikia, wakaendelea na yao. Makabila 30 ya wenyeji wa bonde lile hayakuitwa hata kikaoni. Namba ya 1976 imetoka, mgao wa 1922 haukuguswa. Hapo kilichokosekana ni sayansi kweli?

Halafu kwetu huku. Mninga huu tunaopasulia vitanda umeshatumika Zimbabwe kusoma mvua tangu 1796, kwa kuwa kule msimu ni mmoja. Penye vuli na masika mti unaweza kuweka pete mbili kwa mwaka, au usiweke inayosomeka. Na minene yote tunaiangusha. Atakayetaka kuisoma kesho ataisoma kwenye makochi.

Mpimaji: Seremala kasema kweli kuhusu LaRue. Ndiyo maana mimi sitaki namba ya kudumu, iwe ya mti au ya mkutano. Mgao ufuate maji yaliyopita mtoni miaka mitatu iliyotangulia. Yakiongezeka, wote wanaongezewa. Yakipungua, wote wanakatwa.

Mleta mada: Hiyo naipokea, ila miaka mitatu haikwambii uweke akiba kiasi gani bwawani. Ukame wa miaka 20 na zaidi huwezi kuukuta kwenye daftari la miaka mitatu. Kwenye pete upo. Na hao wenyeji, Seremala, kwenye fomula yake Mpimaji wanakatwa kama wengine au wanaachwa?

Seremala: Waachwe. Hawakuwepo wenzao walipogawana.